Mikate ya Mulozi Mzuri

3 Februari 2025

Mvua tangu alfajiri. Goti langu lilishaitangaza jana. Nimeshona yunifomu mbili za watoto wa Papa Idrissa. Mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake, nikafumua, nikashona upya, nikajitukana.

Nimempigia Neema asubuhi, mchana na sasa hivi. Yule mwanamke wa ndani ya simu ananijibu kwa Kifaransa kwamba mtu wangu hapatikani, tena kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Goma imeshachukuliwa na waasi. Mwanangu yuko huko na wanawe, na mimi niko hapa Kindu, kata ya Kasuku, napima watu mabega.

5 Februari

Mvua. Neema hapatikani.

7 Februari, Ijumaa

Claudine amekuja na kitabu kilichopasuka mgongo. Claudine ni yule msichana wa Kibombo aliyekodi nyumba ya jirani na kufungua shule ya watoto wadogo barazani. Kati yangu na shule yake kuna ua wa mianzi tu, kwa hiyo najua nyimbo zote na najua nani amejikojolea. Ndiye mtu mzima pekee wa avenyu hii, mtaa wetu, anayeingia kwangu bila kuangalia nyuma kwanza.

"Koko Mwanahamisi, iko sindano kubwa? Buku yangu imeachana."

Ananiita Koko, bibi. Nikachukua sindano ya magunia na uzi wa nailoni. Akaniambia kuna mtawa mmoja wa Ulaya aliyemwachia katoni ya vitabu aliporudi kwao, vyote vya picha, vyote vya watoto ambao hawajajua kusoma. Nikashona huku nafungua kurasa. Kuna mwanamke mzee mwenye jino moja na kilemba chekundu, anakaa peke yake juu ya kilima, na kuku wake amekaa begani. Mawingu yakipasuka, mwanamke huyo anapanda juu ya ufagio, anaruka, anayashona. Watoto wa kijiji wanamwogopa. Halafu siku moja mvua inawakuta njiani, anawaingiza ndani, anawapa supu.

"Huyu mama ni nani?" nikamwuliza.

"Njo mulozi, Koko. Lakini mulozi muzuri. Katoni yote ni walozi wazuri. Mumoja anapikia mwezi keki. Mungine paka yake inaogopa giza, yee njo anaibembeleza."

Mulozi, yaani mchawi. Nikajichoma kidole. Claudine akacheka, akadhani ni macho yangu. Sikumwambia kitu. Watu wa avenyu lazima walishamwambia, na kama hawajamwambia, mimi sitakuwa wa kwanza.

Ukurasa wa mwisho nimeutazama sana. Nyumba ya yule mwanamke imejaa watoto, mmoja amelala mapajani pake na mdomo wazi. Aliyechora picha ile anatoka nchi ambayo mulozi anaishi ndani ya vitabu tu. Hajawahi kuona mwanamke akitemewa mate sokoni. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Nilimwonea wivu yule bibi wa karatasi.

12 Februari

Leo Claudine amewasomea wanafunzi wake kile kitabu. Nilisimamisha cherehani ili nisikie. Aliposema mulozi amepanda ufagio, kelele zikaanza.

"Metresi, hapana! Walozi wanapandaka ganda ya karanga!"

"Koko yangu anasema ni ungo."

"Ufagio iko ya kufagia!"

Metresi Claudine akasema huko Ulaya karanga ni chache. Nimecheka peke yangu mpaka kuku wangu akakimbia.

14 Februari

Kuna jicho kwenye ua. Mwanzi mmoja umeoza pale karibu na mpapai, na katika nafasi hiyo kuna jicho, halafu pua, halafu mtoto mzima wa kike mwenye misuko miwili. Ni Sifa, binti wa Sandrine wa nyumba ya mabati mekundu. Akanitazama mimi, akatazama cherehani, akamtazama kuku aliyekuwa amelala juu ya vitambaa.

"Weye njo ule wa mu buku?"

"Buku gani?"

"Ule anashona mawingu."

Nikamwambia mimi nashona mashati. Akafikiri kidogo.

"Lakini kuku iko."

Akaondoka. Mtoto huyu hapotezi maneno.

17 Februari

Mvua kubwa. Uzi mweupe umekwisha. Neema hapatikani.

18 Februari

Nataka kuandika jambo hili sawasawa, kwa sababu silielewi vizuri mimi mwenyewe.

Nilikuwa narudi kutoka sokoni, mfuko wa uzi mkononi. Watoto wa Claudine walikuwa wametoka, wanasubiri mama zao mbele ya lango. Sifa akaniona mbali, akaita kwa sauti yake yote: "Mulozi muzuri! Mulozi yetu muzuri!" Na wengine wakaitikia, wanaruka, wanapunga mikono. Avenyu nzima ilisikia. Kijana wa pikipiki aligeuza shingo. Mama mmoja aliyekuwa anauza mafuta ya mawese akasimama.

Ningeweza kupita. Nimepita mara nyingi. Neno hilo nimelisikia mgongoni tangu vita, na nimejifunza kutembea nalo bila kugeuka. Lakini mgongoni linasemwa kwa kunong'ona. Leo lilisemwa usoni, na aliyelisema alikuwa anacheka kwa furaha ya kuniona. Tangu Neema aondoke na mtoto wake mgongoni, hakuna mtoto aliyenifurahia barabarani.

"Naam," nikasema. Nikawapungia.

Nilifika nyumbani moyo unanidunda kama msichana. Nikakaa kitandani nikalia, halafu nikajiuliza nalia nini, halafu nikaendelea.

21 Februari

Wamekuja wanne. Wamepita kwenye ua, mwanzi wa pili sasa umevunjika. Wanataka kuona mawingu yaliyoshonwa. Nikawaonyesha vipande vya pamba vya kujazia mabega ya koti. Wameridhika kabisa.

24 Februari

Wamekuja saba. Nimekaanga mikate, ya sukari kidogo na iliki. Walikula wakaniachia mafuta kwenye kitambaa cha Papa Idrissa. Nimekifua mara mbili, na sikukasirika.

28 Februari

Claudine amekuja jioni. Alikaa kwenye kigoda, anavuta uzi wa kikoi chake.

"Koko, wameniambia ile mambo ya vita."

"Wamechelewa."

"Mi sikujua. Nilileta ile neno hapa sababu mu buku iko neno ya kucheka tu. Tuwafundishe wakuite Koko."

"Wakiniita Koko, watakuja?" nikamwuliza. "Makoko wamejaa kila nyumba. Hakuna mtoto anayepita katika mwanzi kwenda kumwona Koko."

Akasema anaogopa. Nikamwambia aogope mvua, paa la baraza lake linavuja. Nilisema kwa ukali kwa sababu alikuwa na haki.

2 Machi

Ramadhani imeanza. Mchana sili, lakini mikate nakaanga ya futari, na watoto wanapata yao ya moto. Harufu inanitesa kuliko njaa yenyewe. Sifa ananiuliza mulozi anafungaje. Nikamwambia kama watu.

6 Machi

NEEMA AMEPIGA.

Wako hai wote. Simu yake iliibiwa, hii ni ya jirani. Sauti yake imekauka. Nikamwambia warudi Kindu, nyumba ipo, vyumba vitupu. Akasema ndege hazitoki, na mume wake hataki. Sikumwuliza hataki nini. Najua tangu vita ile ya zamani hataki nini.

Nimeshona mpaka giza, sikuona nilichoshona.

11 Machi

Mvua haikati. Kazi hakuna, kwa hiyo nitaandika ya zamani, maana yananirudia tangu Neema apige.

Mwaka ule wa njaa, miaka ishirini na zaidi iliyopita, watu wa msituni waliuzunguka mji, na waliokuwa na bunduki mjini hawakutaka mtu atoke. Treni ilikuwa imekufa. Chumvi ilikuwa adimu kama dawa. Anayekwenda shambani anapigwa risasi huko kwa kuwa ni mtu wa mjini, au anapigwa risasi akirudi kwa kuwa ni mtu wa msituni. Shamba langu lilikuwa ng'ambo ya reli, njia ya Kibombo. Nilikwenda. Nilipita ndani ya kinamasi, maji mpaka kifuani, na nikarudi na sombe, majani ya muhogo, kichwani. Nikaenda tena. Sombe ile niliitwanga hapa uani na yeyote wa avenyu aliyekuja na sahani nilimpakulia, kwa sababu nisingeweza kula huku watoto wa watu wananitazama.

Wengine walikwenda wasirudi. Mimi nilirudi kila mara. Kwa nini, hata leo sijui. Labda kinamasi kilinuka mno, hakuna askari aliyetaka kusimama pale. Kisha mwanangu Abdoul akashikwa na homa, dawa hakuna, akafa katika chumba hiki ninachoandikia. Arobaini haijafika, nikasikia maneno kisimani. Wanasema nimemtoa Abdoul kafara ndiyo nikapewa njia. Wanasema kila safari ina bei yake.

Ndugu wa mume wa Neema wakamwambia asiache mtoto ale kwangu. Ndege ya kwanza ilipokuwa na nafasi, akaondoka. Alinikumbatia. Lakini mtoto alimfunga mgongoni, kwa nguvu, na hakumshusha nimshike.

Ndiyo hiyo. Sasa imeandikwa.

14 Machi

Mikate, mvua, watoto. Siku nzuri.

20 Machi

Sifa amekuja peke yake. Mdogo wake Aimé ana joto, halali. Ameniomba nishone wingu ili mvua iache, Aimé apone. Nilimwambia amwambie mama yake ampeleke kwenye kituo cha afya leo, leo hii. Akasema mama anakwenda kwanza kwa nabii wa chumba cha maombi.

Nimempa mikate miwili, mmoja wa Aimé. Alipoondoka nikakumbuka ninaishi mji gani, na ninaitwa nani. Nikatoka kumfuata, alikuwa ameshavuka barabara.

23 Machi

Hakuna aliyekuja. Mianzi ya ua imefungwa kwa waya upande wa shule.

25 Machi, Jumanne

Nitaandika polepole.

Saa sita Claudine aliingia anakimbia, kitenge kimelowa mpaka kiunoni. Nabii Jérôme, yule wa chumba cha maombi mwisho wa avenyu, alimwuliza Sandrine nani alimpa mtoto mgonjwa chakula cha nje. Sandrine akamwuliza Sifa. Sifa akajibu kwa fahari kwamba mulozi wetu ametupa mikate, mimi na Aimé, na anatupaga kila siku. Kila mtu hapa anajua maana yake. Mulozi akimlisha mtoto, mtoto amekuwa wake, na usiku atamdai nyama ya nduguye. Kwa hiyo Sifa ndiye anayemla Aimé. Tangu jana amefungiwa katika chumba cha maombi bila chakula wala maji, mpaka autapike ule mkate.

"Ana miaka tano, Koko," Claudine akasema, "na ananiulizia kama mulozi atakuja kumutosha mule ndani."

Nilivaa mtandio wangu mweupe wa msikitini. Claudine akasema wataniua. Nilimwambia basi anishike mkono, matope yanateleza.

Watu walikuwa wamejaa chini ya mabati, nusu ya avenyu, na mvua inapiga juu mpaka unalazimika kupaza sauti. Walinifungulia njia, hakuna aliyetaka nimguse. Sandrine alikuwa amekaa chini na Aimé mikononi, mtoto macho yamegeuka. Mzee Soudi, shefu, yaani mkuu wa avenyu, alikuwa kwenye kiti cha plastiki, uso wa mtu aliyeitwa katikati ya chakula.

"Mama, umekuja kubeba mutoto yako?" nabii akaniuliza, na wengine wakaguna.

"Nimekuja kuongea na watu ya avenyu yangu."

"Aongee," akasema Soudi.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote nikayasahau. Nikasema tu: "Mi siko mulozi. Wala mubaya, wala muzuri."

Kutoka nyuma ya mlango wa mbao ikaja sauti nyembamba, iliyokauka: "Anadanganya! Njo mulozi! Njo mulozi yetu!"

Nilitaka ardhi inimeze. Mtoto alikuwa ananitetea. Nabii akainua mikono kuonyesha kwamba kazi yake imekwisha, yeye hana la kuongeza.

Sandrine akaniangalia. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba. "Kama hauko mulozi, juu ya nini uliitika? Avenyu yote ilisikia. Walikuita, ukaitika, ukacheka."

Niliomba njia nzima nisiulizwe swali hilo. Kuitwa mulozi nimezoea. Jibu la swali lile ndilo lililonivua nguo.

"Juu hakuna mwingine ananiita," nikasema. "Neema hayuko. Abdoul hayuko. Mulango yangu hakuna muntu anapigaka, kama hana suruali ya kufupisha. Mutoto yako aliniita akifurahi. Angeniita mbwa, ningeitika. Niko peke, Sandrine. Njo ile tu."

Mama mmoja akatazama miguu yake. Ningependa kuandika kwamba nilisimama wima, lakini Claudine ndiye aliyenishika.

Nabii akasema hata mulozi analia. Akasema machozi hayaondoi mkate tumboni: "Ukikula ya mulozi, uko yake. Njo sheria ya kule chini."

Hapo hasira yangu ikaja, na nikaishukuru.

"Basi sawa," nikasema. "Nabii, chumba yako ni ndogo. Wenye walikula kwangu ni wengi. Papa Soudi, mwaka ya njaa, sombe ulikula kwa nani?"

Soudi akakohoa.

"Mama Jérémie, weye? Ulikuja na sufuria, hata sahani hapana. Fundi Hamadi, baba yako alikuwa anatuma nani, kama siyo weye? Na weye, Sandrine. Ulikuwa na kimo kama ya Sifa. Mama yako hakuwa na unga, hakuwa na kitu. Ulisimama pale uani kwangu na sahani ya bati, ukasema shikamoo, nikakupakulia, ukalamba mpaka chini, nikakuongeza. Ulikuwa wangu? Ulikula nani, Sandrine? Mama yako alikufa?"

Mama yake alikuwa amesimama pale pale nyuma yake, ameegemea nguzo, mzee kama mimi.

"Wote walikula, na wote wako hapa. Nabii, uwaingize. Ufungie avenyu yote, uwanyime maji, tuone watatapika nini. Mi nitakaa hapa mulangoni. Nimeshafunga hata hivi, si kazi kwangu."

Nikakaa. Chini, kwenye saruji yenye maji, na mtandio wangu mweupe. Mvua ilipiga mabati. Nilimtazama Soudi, na Soudi alitazama kila mahali isipokuwa kwangu, hadi akakosa pa kutazama.

"Nilikula," akasema.

Mama yake Sandrine akasema kitu kwa sauti ndogo. Nabii akamwambia arudie. Akarudia: "Nasema sote tulikula. Na hakuna mwenye alisema aksanti."

Sandrine akainuka. Akamweka Aimé mikononi mwa mama yake, akaenda kwenye mlango wa mbao, na nabii alipoweka mkono kumzuia akamtazama tu, na mkono ukaondoka. Sifa alitoka midomo imepasuka, misuko imefumuka upande mmoja. Claudine alikuwa na chupa ya maji. Mtoto alikunywa yote. Walipita mbele yangu. Sandrine hakunitazama. Sifa alinitazama, na macho yale siwezi kuyasahau, kwa sababu hakuwa na hofu wala furaha. Alikuwa amesikia kila kitu. Alikuwa anamtazama mtu aliyemharibia kitabu.

Wamempeleka Aimé kwenye kituo cha afya kwa pikipiki. Ni malaria, Claudine amesema, wamemtundikia maji.

Nimefuturu kwa maji na tende moja. Mikate sikukaanga.

28 Machi

Aimé amekaa kitandani, ameomba uji. Alhamdulillahi.

Idi

Nimeswali. Nimevaa kitenge kipya nilichojishonea mwenyewe. Nilikaanga mikate mingi, nikaifunika kwa kitambaa. Claudine alikuja akala mitatu. Mingine nimekula mimi, na kuku.

4 Aprili

Claudine amekirudisha kitabu cha mawingu ndani ya katoni, na katoni juu ya kabati. Wazazi wamemwomba. Anawasomea sasa juu ya kiboko anayepiga mswaki. Hakuna anayecheka, nasikia.

Aliniomba msamaha tena. Nilimwambia vitabu vile havina kosa. Yule bibi wa karatasi ana bahati: alikaribishwa kwa jina lake baya na hakuna aliyemfungia mtoto. Nikamwambia asivitupe. Siku moja kutakuwa na watoto Kindu watakaovisoma na kucheka tu. Natamani ningewaona.

9 Aprili

Mvua.

10 Aprili

Mvua. Kola kumi na mbili za kwaya. Wanakwaya wote wana shingo nene.

17 Aprili

Soudi ameleta suruali. Ilikuwa nzima, haina hata uzi uliotoka. Alisimama, akazunguka, akasema niiangalie tu. Nimeiangalia. Amesema aksanti, akaondoka kwa mbio zisizofaa mzee wa umri wake.

22 Aprili

Neema amepiga. Kuna mtu wa avenyu aliyempigia, sijui nani, hapa siri haikai.

"Mama, kweli ulisema mbele ya watu kama uko peke?"

"Kweli."

Nilitaka aseme atakuja, na nilijua hawezi kusema hivyo, na bado nilishikilia simu kwa mikono miwili. Akasema: "Mi nilifikiria umezoea." Halafu uniti zake za simu zikaisha.

Hapana, binti yangu. Sijazoea hata siku moja.

30 Aprili

Mtoto wa nani sijui ameniamkia njiani. "Shikamoo," basi. Nilikaribia kumpa mfuko wote wa uzi.

8 Mei

Mvua zinapungua. Mto unashuka, mchanga wa ukingoni umeanza kuonekana.

15 Mei

Hakuna kitu.

23 Mei, Ijumaa

Nilikuwa uani nasafisha cherehani, nimeitoa nje kwa sababu ya jua. Lango likagongwa. Nilidhani ni suruali.

Alikuwa Sifa. Hakupita kwenye ua. Alipita langoni, mbele ya watu wote. Amerefuka kidogo. Alisimama mikono nyuma, uso amekunja.

"Ulitudanganya," akasema.

"Niliwadanganya."

"Hauwezi kushona mawingu."

"Siwezi."

"Hata kuruka?"

"Hata kuruka. Goti linauma nikipanda ngazi."

Alitazama cherehani iliyofunguliwa, mafuta, msumari, vumbi la nyuzi. Nilitaka sana kumwambia aketi, nikajizuia. Nilifikiri nikisema neno moja zaidi atakimbia.

"Sasa kama hauko mulozi," akasema, "weye njo nani?"

Nikamwambia. Mwanahamisi, mama yake Abdoul na Neema. Alirudia jina kwa mdomo tu, bila sauti, kulipima.

"Iko buku yako?"

"Haiko."

"Hata picha?"

"Hata picha. Zilipotea vita."

Hilo lilimsumbua. Alizunguka cherehani mara moja, akamtazama kuku, akavuta kigoda, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti kama wanavyokaa kwa Claudine kabla ya hadithi.

"Basi ongea," akasema.

Sikujua nianzie wapi. Nilianza na Neema alipokuwa na umri wa Sifa, alivyoogopa radi, alivyojificha chini ya meza hii ya cherehani huku mimi nashona, na akawa anashika kanyagio kwa mkono ili nisiende mbali. Sifa akainama kuangalia chini ya meza. Akauliza nafasi ilimtosha vipi. Nikamwambia alikuwa mwembamba. Akaniuliza sasa yuko wapi. Nikamwambia yuko Goma. Akauliza atarudi lini. Nikamwambia sijui, namngoja. Nilimwambia pia Abdoul alikuwa anaiba sukari.

Nilikuwa katikati ya sukari, nikasikia Sandrine anaita kutoka nyumba ya mabati mekundu, sauti ya mama anayetafuta: "Sifa! Sifaa!"

Mtoto hata hakuinuka. Aligeuza kichwa kuelekea barabarani na kujibu kwa nguvu, avenyu nzima isikie:

"Niko kwa Koko Mwanahamisi!"

Nikangoja Sandrine aite mara ya pili. Hakuita.